Baruti ya Tambi

Kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita nilikuwa jikoni kwa nyanya, Majengo, namvunjia tambi. Kila mwaka kazi yangu ni hiyo. Yeye anakaanga, mimi navunja. Nikimaliza anaangalia, anasema ni ndefu mno, nivunje tena. Siku hiyo hakusema ni ndefu. Alichukua kipande kimoja, akakiweka kiganjani, akakigeuza, akasema: "Ile baruti iliyomkata babangu vidole ilikuwa kama hivi."

Nikacheka. "Nyanya, baruti ni unga. Unga mweusi."

"Mimi nimeelezwa na yeye mwenyewe. Wewe ulikuwapo?"

Sikuwapo. Lakini hadithi ya vidole naijua tangu utotoni, kila mtu kwetu anaijua. Babake nyanya alikuwa mkulima Gazi, kule Kwale, na alikuwa na gobore la kufukuzia nyani na nguruwe mwitu shambani. Siku moja alilipiga likampasukia mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaenda, na sikio la upande ule halikusikia tena vizuri mpaka anakufa. Ingeishia hapo ingekuwa ajali tu. Shida ni kwamba baruti ya siku hiyo alipewa na ndugu yake, toka nitoke, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka kubeba mizigo ya jeshi kwenye Vita vya Kwanza. Na ndugu hao wawili walikuwa na mzozo wa minazi. Basi ikasemwa kwamba alimtilia kitu. Wengine wakasema jini, wengine wakasema hapana jini wala nini, alitaka kumuua arithi minazi. Nyumba mbili zikakatana. Miaka mia na kitu imepita, na mpaka leo habari za misiba tunapelekeana kupitia watu wa kando. Nina binamu zangu Gazi ambao nikipishana nao kwenye feri ya Likoni siwajui.

Sasa, mimi ni mtu niliyeacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu wa kemia, karo ikakatika, nami nikakatika nayo. Kemia lakini haikutoka. Imebaki kichwani kama wimbo wa tangazo. Na neno la nyanya, "kama tambi", lilinikaa usiku kucha. Mtu anayetunga uongo kuhusu baruti hawezi kuifananisha na tambi. Atasema ilikuwa nyeusi sana, au ilinuka. Tambi ni kitu ulichokiona kwa macho.

Nikaanza kutafuta. Niseme ukweli, kijana wa Majengo hakai saiba akaandika "baruti" kwenye mtandao akiwa ametulia. Mara mbili niligeuka kuangalia nani yuko nyuma yangu. Mwishowe nikaona ni heri nianze mahali ambapo hakuna atakayeniuliza kwa nini nauliza, nikateremka Mji wa Kale mpaka Fort Jesus.

Sote tumekwenda pale na shule. Tukakalia mizinga, tukapiga picha, mwalimu akasema Wareno 1593, tukanywa madafu, tukarudi. Mzinga wa chuma unaonekana, ndio maana tunaukumbuka. Baruti haionekani, kwa sababu ililiwa na moto, na iliyobaki ililiwa na unyevu. Lakini mzinga usio na baruti ni bomba tu. Omani walipouzingira ngome ile kuanzia Machi 1696, vita vilichukua siku karibu elfu moja, mpaka Desemba 1698, na sehemu kubwa ya wakati huo haikuwa mapigano. Ilikuwa kungoja. Ndani watu walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Mwaka 1697, makapteni wa Kireno walipomalizika, ngome ilishikwa na Bwana Daud, mwana wa ufalme wa Faza, pamoja na Waswahili wenzake waliokuwa ndani. Kila aliyebaki alikuwa akitazama bahari kuona kama kuna tanga kutoka Goa. Goa kulikuwa na kiwanda cha baruti cha wafalme wa Ureno, na Bara Hindi ndiko ilikotoka shura nyingi kuliko kwengineko duniani. Ile meli ya Santo António de Tanná iliyoletwa kusaidia ilizama mbele ya ngome Oktoba 1697. Iko pale chini hadi leo. Wapiga mbizi waliichimba kuanzia 1977 mpaka 1980, na vitu vyake viko kwenye makumbusho ya ngome.

Nimetaja shura. Baruti ya zamani ni vitu vitatu: shura, kiberiti na makaa. Shura ni chumvi inayotoa hewa ya kuunguzia, makaa ndiyo kuni, kiberiti kinasaidia moto ushike haraka. Nilipokuwa mdogo nikisikia watu wa Mji wa Kale wakilalamika kwamba ukuta "unaliwa na chumvi" nilidhani ndiyo hiyo. Siyo, ila si ujinga mkubwa, maana shura nayo ilikuwa ikikwanguliwa kwenye kuta na udongo wa mazizi na vyoo.

Jambo ambalo sikufundishwa shule wala chuo ni kwamba mchanganyiko peke yake hautoshi. Zamani sana baruti ilikuwa unga kama wa ngano, na ikisafirishwa ilijitenga, kizito chini, chepesi juu, hata ukifika hujui umebeba nini. Ndipo watu wakaanza kuilowesha, kuikanda, kuikausha na kuichekecha iwe chenga. Hapo ndipo uchaguzi ulipoanza. Chenga kubwa huungua polepole, hiyo ni ya mzinga. Chenga ndogo huungua upesi, hiyo ni ya bunduki. Ndogo zaidi, ya bastola. Ukitia ya bastola ndani ya mzinga unaomba matatizo. Mama yeyote wa Mombasa anayejua tofauti ya mchele wa pilau na mchele wa mkate wa sinia anaelewa jambo hili bila ya darasa.

Na ukaribu na jiko hauishii hapo. Mzinga ulitiliwa baruti kwa upawa mrefu wa shaba. Shaba, kwa sababu haitoi cheche. Upawa ulikatwa kwa ukubwa wa mzinga wake, ili mtu asifikirie kati ya moshi na kelele. Anachota, anatia, amemaliza.

Nikarudi kwenye kamusi, zile kubwa za zamani, na hapo nikakutana na kitu kilichonifanya nikae chini. Historia yote ya bunduki ya pwani iko kwenye maneno. Bunduki ya mrao ni ile ya utambi, unachoma kamba, unasogeza moto. Bunduki ya gumegume ni ya jiwe la cheche. Kisha ikaja ya fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, kinapigwa na nyundo, moto unaingia. (Fataki ikahamia kwenye vijiti vya sikukuu, na Watanzania, kwa kampeni moja ya redio, wakaifanya jina la mzee anayewarubuni wanafunzi. Neno halina adabu, linakwenda linakotaka.) Mwisho ikaja bunduki ya viasi. Viasi ni wingi wa kiasi. Kiasi! Hicho hicho cha "sukari kiasi" na "pesa kiasi gani". Watu wa pwani walipoziona risasi za kiwandani, ambazo baruti imeshapimwa na kufungwa ndani ya ganda, hawakuziita kwa chuma chake wala kwa mlio wake. Waliziita kipimo.

Kwa nini? Kwa sababu ya namna gobore linavyojazwa. Gobore halina mahali pa kutilia nyuma. Kila kitu kinaingia mdomoni. Unamimina baruti kwenye kasiba, unashusha risasi au marisau na tambara, unashindilia kwa mdeki mpaka chini, unaweka fataki kwenye kifa, basi. Inasikika rahisi. Lakini kila hatua ina namna yake ya kukutia kilema. Ukimimina moja kwa moja kutoka pembe ya baruti, na ndani kumebaki cheche ya mlio uliotangulia, moto unapanda mpaka kwenye pembe, na pembe iko mkononi mwako. Ndiyo maana aliyefunzwa anamimina kwanza kwenye kikombe kidogo, halafu kikombe ndicho kinachomimina, na haweki uso juu ya mdomo wa bunduki hata akiwa na haraka vipi. Risasi isipofika chini, ikaachwa njiani na nafasi kati yake na baruti, kasiba inaweza kuvimba au kupasuka mahali pale pale ilipokwama. Kwa hiyo mdeki si wa kushindilia tu, ni wa kupimia. Ulikuwa na alama. Ukitokeza zaidi ya alama, kuna kitu ndani hakijashuka, au kuna baruti ya jana uliyoisahau. Na baada ya milio michache unapitisha kitambaa kibichi, kwa sababu baruti nyeusi zaidi ya nusu yake haigeuki hewa. Inabaki masizi. Masizi hayo hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya Mombasa ukilala bila kuosha unaamka na kutu.

Ambaye hakuwa na kikombe alipima kwa vidole. Unatia baruti na risasi, unaingiza mdeki, unahesabu mdeki umetokeza vidole vingapi. Nilimpigia nyanya simu kumuuliza. Hata sikumaliza swali. "Vidole vine. Babangu alikuwa akitia vidole vine."

Vinne ni vingi. Hapo nikarudi tena kwenye vitabu, safari hii kutafuta baruti yenyewe ilikuwa ya namna gani.

Miaka ya 1880 Zanzibar ilikuwa mlango wa bunduki wa Afrika Mashariki yote. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha, na zile kuukuu zilitafutiwa soko. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza pale, Euan-Smith, alikisia kwamba zilikuwa zikiingia bunduki kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Pamoja nazo ikaja baruti ya mapipa, ile ambayo Wazungu wenyewe waliiita baruti ya biashara, maana yake baruti ya kuwauzia Waafrika. Haikuwa ile waliyotilia bunduki zao. Ilikuwa dhaifu, na mwenye gobore akajifunza kilichopaswa kujifunzwa: ongeza. Ikiwa baruti njema inataka vidole viwili, hii tia vitatu, tia vinne.

Kisha mwaka 1890 mataifa yakakutana Brussels yakatia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake mna vifungu vya silaha, na ni vifungu vya kusoma polepole. Katika eneo kubwa la Afrika, sisi tukiwamo, bunduki za kisasa zikafungwa isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Kilichoachwa kiuzwe, kwa uangalizi, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, na baruti hiyo hiyo ya biashara, imetajwa kwa jina. Sababu waliyoitoa ni utumwa, na utumwa kweli ulikuwa ukiendeshwa kwa bunduki, sibishi. Lakini angalia miaka. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alikuwa ametengeneza baruti isiyotoa moshi. Uingereza walikuwa wametoka kupata yao, waliyoiita kodaiti. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo Ulaya inaitupa baruti nyeusi, inaandika sheria kwamba baruti nyeusi ndiyo yetu. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo vidole vya babu wa mamangu vilipoanza kukatika, na yeye pengine hata hajazaliwa.

Kodaiti ni nini? Hapa nilisimama nikatembea chumbani. Kodaiti haikuwa unga wala chenga. Ilikandwa kama unga wa maandazi, ikasukumwa kupitia matundu madogo, ikatoka nyuzi. Ukifungua ganda la risasi ya bunduki ya Kiingereza ya wakati ule unakuta nyuzi za rangi ya hudhurungi zimelala pamoja, zimefungwa kama fungu.

Tambi.

Na zilifikaje Gazi? Zilifika zenyewe. Vita vilipoanza 1914, Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanga wakielekea Mombasa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo walipigana na Waingereza Gazi penyewe. Upande wa Waingereza kulikuwa na kikosi cha Waarabu kilichoandikishwa Mombasa, chini ya Arthur Wavell, Mwingereza wa ajabu aliyewahi kuhiji Makka kwa kujifanya Mzanzibari. Aliuawa Januari 1916 karibu na Mwele. Askari wengi wa Kijerumani mwanzoni mwa vita bado walikuwa na bunduki za mwaka 1871, za baruti nyeusi, na moshi wao uliwaonyesha walipojificha. Waingereza walikuwa na kodaiti. Maana yake baruti mbili, ya zamani na ya sasa, zilikutana kwenye vichaka vya Kwale, na risasi zilidondoka. Mtu aliyebeba mizigo ya jeshi hakuhitaji kuiba kitu. Alihitaji kuinama tu.

Sasa hesabu, na hii ndiyo hesabu iliyoniliza, mimi niliyefeli hesabu nyingi. Risasi ile ya Kiingereza ilipobuniwa 1888 ilikuwa bado na baruti nyeusi, kama gramu 4 na nusu hivi. Walipobadilisha wakatia kodaiti, miaka michache tu baadaye, zilitosha gramu 2, na risasi ikaenda kasi zaidi. Ganda ni lile lile. Ndani uzito chini ya nusu.

Tena si suala la nguvu tu. Baruti nyeusi ukiibana haibadiliki tabia sana, inaungua kwa mwendo wake. Hii nyingine inaungua kadiri inavyobanwa. Shinikizo likipanda inaungua upesi zaidi, ikiungua upesi shinikizo linapanda tena, na karibu yote inageuka hewa. Bunduki ya kisasa imetengenezwa kwa chuma cha kuhimili hayo. Gobore ni chuma laini, kimeunganishwa kwa moto na nyundo, pengine kina kutu ya miaka thelathini. Ndiyo sababu mpaka leo wale wanaopiga bunduki za aina hii kwa mchezo, Marekani na Ulaya, wana sharti moja wasilojadili: baruti ya kisasa haitiwi kwenye bunduki ya kujazwa mdomoni. Si nusu, si robo, si ya kujaribu.

Babake nyanya hakuambiwa na mtu. Baruti ya dukani ilikuwa haipatikani wakati wa vita, nyani wanamaliza mahindi, na ndugu yake amekuja na zawadi. Baruti ya Wazungu wenyewe! Wakafungua maganda, wakakuta tambi, wakazikatakata. Halafu akafanya alichofanya maisha yake yote. Alipima. Alitia kiasi chake kile kile alichofunzwa na baruti mbovu, vidole vinne, akashindilia vizuri, kwa sababu alikuwa mtu makini. Angekuwa mzembe pengine angebaki na vidole vyake.

Siku ya pili ya Idi nilimweleza nyanya yote. Nilimwonyesha picha kwenye simu, zile nyuzi zimetolewa kwenye ganda. Alivaa miwani, akasogeza simu, akaitazama sana.

"Ndiyo hizi," akasema. Kisha: "Na huyo ami yangu alijua?"

"Hakujua, nyanya. Angejuaje? Hata askari waliozipiga walikuwa hawazioni, zilikuwa ndani ya ganda."

"Kwa hivyo hapakuwa na kitu."

"Hapakuwa na kitu."

Akavua miwani akaifuta kwa leso. Nikadhani atalia, hakulia. Alisema babake aliwahi kumwambia, uzeeni, kwamba siku ile ndugu yake ndiye aliyempakata mpaka Msambweni, na njia nzima alikuwa akimwomba radhi. Watu wakasema mbona anaomba radhi kama hana hatia. Hilo ndilo lililomponza. Nyanya hakuwahi kunieleza kipande hiki.

Tukakaa. Nje watoto wa jirani walikuwa wakilipua fataki za Idi, na kila moja ikilia paka wa nyanya anaingia chini ya kitanda. Akaniambia nimfungie tambi zilizobaki kwenye bakuli lenye kifuniko, lile la maua, nisichukue la plastiki.

"Matatu ya Gazi siku hizi," akauliza, "ni pesa kiasi gani?"